Mwenyekiti Juu ya Mnara

Makambako,
14 Aprili 2024

Shangazi Hyasinta,

Kamwene, na shikamoo juu yake, maana najua usipoikuta shikamoo barua yenyewe hutaimaliza. Sisi huku tupo. Upepo wa Makambako bado unavua watu kofia. Mguu wa baba umepungua uvimbe. Sasa anaweza kutembea hadi kwa jirani kugombania mpaka wa shamba, na hapo ndipo tumejua amepona. Mama anasema alikutumia mbegu za maharage kwa gari la Jumanne. Kama hazijafika, muulize kondakta kwa upole lakini mtazame machoni.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ulisema simu ni ya kuulizia bei ya viazi na kutangaza misiba. Hili langu si lolote kati ya hayo.

Nimepata kazi, shangazi, na si ya harusi wala ya picha za pasipoti. Nyuma ya hoteli moja mpya huku, Hoteli ya Kilele, wamejenga bwawa la kuogelea, na ukingoni mwake mnara wa zege wa mita kumi. Mtu anapanda ngazi, anasimama kwenye ubao kule juu, anajirusha, anajipindua hewani na kuingia majini kichwa kwanza. Wenyewe wanaita kuchupa. Kimeundwa hata chama, Chama cha Kuchupa Nyanda za Juu. Kina mwenyekiti, makamu mwenyekiti, katibu, mhazini, mlezi, na mchupaji mmoja.

Mchupaji huyo anaitwa Yunis, msichana wa Ludewa, kule ziwani. Amejifunza kwa kuruka kutoka kwenye miamba, na hakujua kama alikuwa anacheza mchezo wenye katiba. Mimi natakiwa kumpiga picha jioni akiwa katikati ya hewa. Mtu anayeanguka hamsubiri mpiga picha. Ukitegemea mwanga wa jioni anatoka kama moshi wa jikoni. Kwa hiyo taa za flashi naziweka mbali na kamera, moja upande huu wa bwawa, nyingine upande ule, na ya tatu nyuma ya mnara. Mimi nakaa chini na kamera. Nikibonyeza, rimoti iliyo juu ya kamera inaziamuru zote ziwake kwa pamoja, na mtu anaganda hewani na kila tone la maji limesimama. Upepo ndio adui. Stendi nimezifunga viroba vya viazi miguuni.

Yunis ameniomba kitu kimoja tu. Alisema, "Dada Conjesta, usiniwashie taa usoni. Nikijipindua nayatafuta maji kwa macho. Nikiyapoteza kwa macho nitayapata kwa mgongo." Nikahamisha taa zote ziwe za ubavuni na nyuma.

Mwenyekiti ni Mzee Ezekia Mlowe. Anatuambia kila siku kwamba alipokuwa masomoni ng'ambo alikuwa bingwa wa kuchupa, na kwamba kule walikuwa wanapasua barafu kwanza ndipo wanaruka. Ukimuuliza alipata nishani gani anaangalia saa.

Nijibu upesi. Msalimie ndama.

Binti yako,
Conjesta

*

Uwemba,
5 Mei 2024

Mwanangu Conjesta,

Marahaba. Mbegu zimefika, pungufu, lakini zimefika. Viazi vya mwaka huu vimekuwa vizuri na baridi imeanza mapema. Asubuhi nyasi zinalia chini ya miguu. Ndama unayemsalimia sasa ni mtamba mwenye kiburi. Konsolata wa kwaya amepoteza sauti, na kwaya imekuwa nzuri zaidi, Mungu anisamehe.

Nimefurahi kwa kazi. Ila umeme na maji haviishi nyumba moja, kwa hiyo hizo taa zako uzichunge.

Jambo la pili ni heshima. Barua yako imemtaja mzee wa watu kwa namna ambayo sikukufundisha. Mtu akisema alipasua barafu, wewe ulikuwepo? Wako watu waliokwenda mbali na kuona mengi, na kwa unyenyekevu hawasemi yote. Kutazama saa si dhambi.

Huyo Mzee Mlowe anakula vizuri huko? Bado anavaa lile koti la kahawia, au na upepo huo amepata zito zaidi? Nauliza tu kwa sababu wazee hawajui kujitunza.

Usimsomee baba yako sehemu hii ya mwisho.

Shangazi yako,
Hyasinta

*

Makambako,
9 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye gari hadi Mafinga ikarudi, kondakta aliisahau chini ya kiti. Hapa nyumbani sote tunapumua. Aloyce amepata mtoto wa pili, wa kike, na baba ameshatangaza kwamba amefanana naye, masikini mtoto.

Sijui umejuaje kuhusu koti la kahawia, maana sikuliandika. Ndiyo, bado analivaa. Anakula vizuri.

Uzinduzi ni Jumamosi ya tarehe 29. Fulana zimechapishwa, utepe umenunuliwa, mgeni rasmi amekubali, ngoma zimelipiwa. Kilichobaki ni maji. Pampu ilikufa wiki ya pili ya kujaza bwawa. Jana Yunis aliingia akasimama, maji yakamfika kifuani. Nilimpiga picha akiwa amesimama hivyo, ameinua mikono kama mtu anayevuka mto, kwa kuwa alitaka kumtumia mama yake acheke.

Shangazi, mtu anayeruka kutoka mita kumi anahitaji kina cha mita tano. Hicho kilichopo kinamfaa bata.

Nilimwendea mwenyekiti. Alikuwa kwenye kikao cha kuchagua rangi ya viti vya wageni.

"Mzee, maji hayatoshi."

"Yanatosha kwa picha," akasema. "Wewe piga kutoka chini kabisa, yaonekane mengi. Picha haina kina."

"Lakini Yunis ana shingo, mzee."

"Binti, kina ni kazi ya kamati ndogo ya maji. Kazi yako wewe ni mwanga." Kisha akawageukia wenzake. "Na huyo msichana akiogopa, nitapanda mwenyewe. Enzi zetu tulikuwa hatuulizi kina."

Makamu akapiga makofi. Mimi nikajifanya naangalia betri. Nifanye nini? Nikikataa, watamwita mwingine mwenye kamera, na huyo mwingine hatajali taa zinaelekea wapi. Yunis amesema haruki, lakini ni msichana wa miaka ishirini na mbili mbele ya meza ya wazee watano wenye suti.

Nijibu kabla ya tarehe 29.

Conjesta

*

Uwemba,
23 Juni 2024

Mwanangu Conjesta,

Salamu leo ni fupi. Hongera kwa Aloyce.

Usikubali msichana aruke. Simama mbele ya ngazi kama mlango ikibidi.

Na usimwache yule mzee apande. Nakuomba. Usiniulize kwa nini najua hataweza. Basi niseme tu, maana kalamu imeshafika hapa: leo katika misa ya pili paroko amesoma tangazo la kwanza la ndoa kati ya Ezekia Mlowe wa Wanging'ombe na mimi; la pili ni mwezi ujao. Alikuja kwenye jubilei ya parokia mwaka jana, akanunua mbegu za viazi kwangu, akarudi kuuliza zinapandwaje, akarudi tena. Mume wangu ana miaka kumi na moja kaburini. Nilitaka kuwaambia yakishakamilika, kwa sababu baba yako atauliza maswali kama hakimu.

Naye aliniambia habari za barafu. Nilimwamini, kisha nikamwona anavuka kijito cha hapa kwetu kwa kushika mkono wa Cresensia, mjukuu wangu. Nikaliacha lipite. Nilifikiri ni jambo dogo, kila mwanaume ana barafu yake.

Barua hii naituma kwa gari la asubuhi; simu siipigi, baba yako atasikia. Mzuie.

Hyasinta

*

Makambako,
30 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo! Baba hajambo, mama hajambo, mtoto wa Aloyce hajambo. Barua yako sijaiona, na sikuweza kusubiri kukuandikia. Nimecheka hadi mbavu zinaniuma. Kaa chini, weka chai karibu.

Jana saa kumi na mbili jioni watu wamejaa, upepo unavuta mahema. Mgeni rasmi ni mama mmoja hakimu mstaafu, mkavu kama ubao wa mninga. Mwenyekiti akasoma hotuba, akamwita "bingwa wetu Yunis". Yunis akaja amejifunga blanketi, akaombwa aseme neno kabla ya kupanda. Akashika kipaza sauti.

"Sichupi. Maji ni mafupi."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Nilikuwa nimejiandaa kumtetea, lakini hakuhitaji.

Mwenyekiti akacheka kicheko cha mikutanoni. "Vijana wa leo! Ndugu mgeni rasmi, enzi zetu sisi…" Na akaanza kupanda ngazi. Na koti lake. Nadhani alitegemea mtu amzuie katikati, amwombe ashuke kwa heshima ya umri wake. Makamu alikuwa na nafasi ya kufanya hivyo, lakini makamu anautaka uenyekiti. Akapiga makofi, na watu wote wakapiga.

Akafika juu. Akapiga hatua kwenye ubao. Akatazama chini. Shangazi, sijawahi kuona mtu akilikumbatia bomba la chuma namna ile, hata kwenye harusi.

Na hapa ndipo Mungu alipoonyesha ana mzaha. Ukumbini mwa hoteli ileile kulikuwa na harusi, na mpiga picha wake ni Hilary, jirani yangu wa studio. Rimoti yake imewekwa chaneli moja na yangu. Hilary akimpiga picha bibi harusi kule ndani, taa zangu zinawaka huku nje. Bibi harusi akilishwa keki, mwenyekiti anang'aa juu ya mnara. Bwana harusi akilishwa, mwenyekiti anang'aa tena, magoti yamekunjwa, koti limepeperuka juu ya kichwa. Walipoanza kutoa zawadi ikawa kama radi ya masika. Kila radi watu wanamwona upya, kila radi kicheko kinapanda. Nilikimbia kuzima, lakini taa ya nyuma ya mnara iko mbali, na kusema kweli sikukimbia sana. Mkono wangu nao ulikuwa unabonyeza.

Aliyemshusha ni Yunis. Alivua blanketi, akapanda, akaketi karibu naye. Tulimsikia anasema, "Mzee, nitazame mimi. Maji usiyatazame. Mguu wa kulia, rudi nyuma." Wakashuka kinyumenyume, polepole.

Mgeni rasmi hakucheka. Alinijia akauliza, "Maji yana kina gani?" Makamu akasema, "Yanatosha, mheshimiwa." Nikafungua kamera nikamwonyesha ile picha ya Yunis amesimama, maji kifuani. Aliitazama muda mrefu. Akarudisha mkasi kwenye sinia, utepe haukukatwa, akaondoka.

Leo asubuhi chama kimetoa tangazo: uzinduzi umeahirishwa kwa sababu ya upepo. Yunis amesimamishwa kwa utovu wa nidhamu. Mimi nimetakiwa kufuta picha zote za mwenyekiti, na nikifuta kazi za chama zitakuwa zangu. Sijafuta. Nakutumia moja, iliyo bora, ya wakati wa keki. Ibandike jikoni ucheke wakati wa kumenya viazi.

Wako mwenye mbavu zinazouma,
Conjesta

*

Makambako,
4 Julai 2024

Shangazi,

Barua yako ya tarehe 23 nimeipata leo. Ilikuwa ndani ya gunia la karoti, kondakta anasema aliiweka humo isilowe.

Kama ile picha haijakufikia, usiifungue bahasha. Kama imefika, nisamehe. Baba sijamwambia. Nilimcheka mtu aliyekuwa anatetemeka, na alikuwa wako.

Lakini kwa alivyomtendea Yunis bado nina hasira na mzee, hilo siwezi kulifuta.

Conjesta

*

Uwemba,
21 Julai 2024

Mwanangu Conjesta,

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Barafu yetu hapa haihitaji masomo ya ng'ambo. Alfajiri ya Alhamisi iliua maua yote ya maharage ya mbegu za mama yako. Mtamba anakohoa.

Picha ilifika kabla ya barua yako ya pili. Niliitazama jikoni, sikucheka, kisha nikacheka, kisha nikaweka chai nikaiacha ikapoa.

Ezekia alikuja Jumapili iliyopita baada ya misa. Nilimkaribisha, akala ugali na mboga ya maboga, nikamuuliza uzinduzi ulikwendaje.

"Uliahirishwa," akasema. "Upepo. Unajua Makambako."

"Upepo mkali?"

"Mkali sana. Ilibidi nipande mwenyewe kukagua nati za mnara."

"Nati zilikuwa nzima?"

"Zote. Nilizishika moja moja."

Nikamwambia, "Conjesta, mpiga picha wenu, ni binti wa kaka yangu Clemens." Kijiko kikasimama. Sikuonyesha picha, haikuhitajika, aliiona usoni mwangu. Kuku akaingia ndani, akamfukuza. Kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Chuoni kulikuwa na bwawa. Lilikuwa na dirisha la kioo. Nilikuwa nakwenda kuwatazama wakiruka, kila Jumamosi, miaka miwili. Sikuwahi kuvua viatu."

"Kwa nini hukusema hivyo tu? Kutazama si aibu."

"Nikirudi nyumbani niseme nilitazama? Hyasinta, watu walichangishana nauli yangu kijiji kizima."

Hapo nilimwonea huruma, nakiri. Lakini huruma si kipofu. Nikamuuliza kuhusu msichana. Akasema kamati ndiyo iliyoamua. Nikamuuliza kamati mwenyekiti wake ni nani. Akasema, "Suala hilo lina mchakato."

"Mimi pia nina mchakato," nikamwambia. "Kesho nakwenda kwa paroko kusimamisha tangazo la pili. Yule mtoto alipanda kukuchukua, na asubuhi yake ukamfukuza. Siku atakayorudishwa kwa tangazo la kuwasomea watu wote, na maji yakafika yanapotakiwa kufika, njoo tena."

"Watu watasema nini?"

"Watasema ulishuka. Walikuona ukishuka, si habari mpya."

Aliondoka bila kumaliza mboga. Hajarudi. Nyumba imekuwa kubwa, mwanangu, na hilo sitalisema tena.

Picha usifute, ila usimwonyeshe mtu. Na baba yako ameshajua. Konsolata amepata sauti.

Shangazi yako,
Hyasinta

*

Makambako,
13 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukuandikia jambo zima, si nusu. Baba ameuza ng'ombe mzee na sasa anamkumbuka. Anasema kila siku kwamba ana maswali ya kumwuliza "yule mrukaji". Mvumilie.

Mwezi wa nane Mzee Mlowe aliitisha mkutano wa chama. Alisoma kwenye karatasi kwamba Yunis alisimamishwa kimakosa, kwamba maji yalikuwa mafupi na yeye alijua. Makamu akaomba neno lile "alijua" liondolewe kwenye kumbukumbu kwa maslahi ya chama. Mzee akasema libaki. Wakamvua uenyekiti siku ileile, kwa kura zote isipokuwa moja. Ya Yunis.

Usimfanye malaika, shangazi. Alilalamika mwezi mzima, na hadi leo anasema ule mnara una mtikisiko kidogo. Lakini pampu mpya aliisimamia yeye, akishinda pale bwawani kwenye kiti, akiwagombeza mafundi.

Jana Yunis ameruka. Hakukuwa na utepe wala ngoma. Mwenyekiti mpya hakuja, ana mkutano wa kuunda kamati ya sherehe. Tulikuwa wachache, na yule mama hakimu, ambaye alikuja na thermosi yake ya chai bila kualikwa. Hilary nilimwomba abadilishe chaneli, akabadilisha. Upepo ulizidi, stendi ya taa ya upande wa pili ikawa inayumba hata na viroba vyake. Nikamwona mzee ameiendea, ameishika kwa mikono miwili, ameinama chini ya taa asizibe mwanga, mgongo kwa bwawa. Hakuambiwa. Na kwa kukaa hivyo hakumwona Yunis akiruka.

Yunis alisimama ukingoni mwa ubao kule juu, mgongo kwa maji, visigino nje. Nilishusha pumzi. Taa hazikumgusa uso. Alipojikunja nilingoja, nikangoja tena, na alipojinyoosha nikabonyeza. Maji yalifunga nyuma yake karibu bila sauti, kama mlango wa nyumba ya watu wenye adabu. Kisha akatoka mbali kabisa upande wa pili, akatema maji, akauliza, "Imetoka?"

Imetoka, shangazi. Yumo katikati ya hewa mnyoofu kama sindano, vidole vimebaki shubiri moja na maji, na matone ya nywele zake yamesimama nyuma yake kila moja peke yake. Mzee aliuliza, bado amelipa bwawa mgongo, "Amefika salama?" Tukamwambia amefika. Ndipo akaachia stendi.

Ameniuliza kama nadhani anaweza kuja Uwemba. Nimemwambia mimi kazi yangu ni mwanga.

Binti yako,
Conjesta

*

Uwemba,
28 Oktoba 2024

Mwanangu Conjesta,

Marahaba mara mbili, moja ni ya picha. Nimeiweka sebuleni. Watu wanaingia, wanaisogelea, kisha wanauliza huyo ni mtoto wa nani. Mvua bado. Mtamba amepona. Mwambie baba yako maswali yake ayalete mwenyewe, chakula kipo.

Ezekia alikuja. Hakuleta hotuba, alileta mbegu za njegere. Tuliongea tukipanda, kila mtu kwenye tuta lake, na mengine nitayahifadhi.

Jana paroko akasoma tangazo la pili. Karatasi sikuiona kabla. Iliandikwa na katibu wa parokia, mtu anayependa vyeo vya watu kuliko wenye vyeo. Paroko akasoma: "Mheshimiwa Ezekia Mlowe, Mwenyekiti Mstaafu wa Chama cha Kuchupa Nyanda za Juu, na bingwa wa zamani wa mchezo huo, anatarajia kufunga ndoa na Bi Hyasinta… Mwenye kujua pingamizi lolote aseme."

Nikasimama.

Kanisa zima liligeuka. Konsolata alishika kifua. Paroko akavua miwani. "Bi Hyasinta, wewe ndiye bibi harusi."

"Najua, baba. Nina pingamizi."

"La nini?"

"La huyo uliyemsoma. Huyo simjui, siolewi naye."

Paroko akamtazama Ezekia, ambaye alikuwa benchi la wanaume, mbele, na lile koti lake. Nilifikiri atatazama saa. Akasimama, akakohoa, akasema si kwa sauti kubwa lakini wa nyuma walisikia: "Baba, naomba usome tena. Andika Ezekia Mlowe, mkulima wa Wanging'ombe. Hayo mengine sikuyafanya."

Watoto wakacheka, mama zao wakawafinya. Paroko akachukua kalamu pale pale altareni, akakata mstari, kisha mwingine, akasoma upya. Lilikuwa tangazo fupi kuliko yote niliyowahi kusikia katika kanisa lile. Alipouliza tena kama kuna pingamizi, watu wote walinitazama mimi.

Nikakaa.

Shangazi yako,
Hyasinta